Barua kwa Baraka: kocha aliyefungwa mechi 60

Mwanangu Baraka,

Marahaba, baba. Huku Morogoro tu wazima, ila upepo umeng'oa mabati mawili ya jikoni na fundi ananizungusha tangu Jumatatu.

Simu yako ya Jumapili ilininyima usingizi. Si kwa sababu mmefungwa. Kufungwa ni sehemu ya mchezo. Ni vile ulivyomsema mzee, kocha wenu wa zamani wa mpira wa kikapu. Eti miaka yote hiyo hana kombe, na sasa timu kakabidhiwa nahodha wenu wa mwaka jana, kijana wa miaka 22, ndiyo mmepata kocha wa kweli. Mimi mama yako nimefundisha michezo sekondari miaka 26, na makombe yangu unayajua, yanaenea kwenye dirisha moja. Basi nisikilize.

Mwaka 1898 Chuo Kikuu cha Kansas, huko Marekani, kilimwajiri James Naismith, Mkanada, mtu wa dini aliyesomea na udaktari. Ndiye aliyebuni huo mchezo wenu wa kikapu, Desemba 1891, katika mji wa Springfield. Aliomba maboksi mawili, mtunza jengo akamletea vikapu vya mafyulisi, kama haya yanayoshushwa kutoka Mgeta. Akavipigilia kwenye ukingo wa roshani, futi 10 kutoka chini. Pete yenu iko futi 10 hadi leo. Na ya netiboli yangu vilevile, maana netiboli ni kikapu hicho hicho, Waingereza walikichukua wakakicheza kivyao. Kwa hiyo koma kuniita mtu wa mchezo mwingine.

Mechi ya kwanza ya Kansas, Februari 1899, walifungwa 16 kwa 5 na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, ya Kansas City. Usicheke hizo 5. Siku hizo kikapu kikiingia, mpira unarudi katikati ya uwanja, mwamuzi anaurusha juu, wawili wanaruka kuugombea. Kila kikapu, hivyo hivyo. Hesabu mwenyewe dakika zinazoliwa. Tena kwa miaka kadhaa walichezea chumba cha chini cha jengo la masomo, dari iko karibu mno na pete. Lile shuti lako la upinde lingegonga dari likurudie usoni.

Misimu 9 mzee Naismith aliiongoza timu ile: alishinda mechi 55, akafungwa 60. Miwili tu ndiyo aliyoshinda zaidi ya alivyofungwa. Msimu wake wa mwisho, wa 1906–07, alishinda 7 na kufungwa 8. Makocha wote waliomfuata pale wana hesabu nzuri kuliko yake, na mchezo ni wake!

Akaingia Forrest Allen, aliyekuwa mchezaji wake. Miaka 22, kama huyo wenu. Msimu wa 1907–08 alishinda 18, akafungwa 6, na ubingwa wa Missouri Valley, ligi ya vyuo vya kwao, akaubeba mwaka huo huo. Wanaomsifu husahau kwamba jumba jipya la michezo lilifunguliwa mwaka 1907. Dari lilipopanda, kijana alikuwepo. Lakini nisimpunje, msimu uliofuata alifungwa mechi 3 tu, na hilo si la dari.

Inasimuliwa kwamba Allen alipomwambia mzee kuwa chuo kingine kinamtaka akafundishe kikapu, mzee alicheka: kikapu hakifundishwi, kinachezwa tu. Hapo simkubalii Naismith hata kidogo. Kinafundishwa, na Allen alikuwa sahihi. Lakini mzee alikuwa akitafuta jambo jingine: vijana watoe jasho wakati wa baridi bila kuvunjana miguu. Jedwali la matokeo lina safu mbili, ya kushinda na ya kufungwa, na hilo halikuwa na safu.

Wala hakuondoka kwa kununa. Alibaki akifundisha chuoni pale pale hadi 1937. Na kikapu kilipoingizwa Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Allen alikuwa mstari wa mbele kuhangaikia michango ya nauli ili mzee akashuhudie. Yule yule aliyekuja kumpita kwa kila hesabu.

Sasa nawe. Ulipoteguka kifundo mwaka juzi, nani alikupakia kwenye bajaji usiku ule, akakaa zahanati hadi saa saba, ndipo akanipigia? Nakumbuka alianza kwa kuniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekutegua. Kocha mpya mtii, mazoezi yake yafuate, nasikia anawakimbiza vizuri. Ila lile neno la Jumapili nisilisikie tena.

Viatu vyako nimempa konda wa basi la saa nne, namba yake nakutumia kwa ujumbe. Kuna na kapu la machungwa. Nusu ni ya mzee. Mpelekee mwenyewe nyumbani kwake, na usimwambie kuwa nimekutuma.

Mama yako