Barua kwa mwanangu: kwa nini mbili, kisha nane

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Swali lako limenifurahisha kuliko maksi zozote ulizowahi kuleta nyumbani. Umeuliza kwa nini tabaka la kwanza la atomu linachukua elektroni mbili tu na la pili nane, na ni nani aliyezihesabu ilhali hakuna aliyeziona kwa macho. Jibu fupi ni kwamba zimehesabiwa kwenye mwanga. Jibu refu ndilo hili.

Nyunyiza punje chache za chumvi kwenye mwali wa jiko la gesi. Mwali wa buluu utageuka manjano ghafla, kisha utarudi ulivyokuwa. Manjano hiyo ni ya sodiamu iliyomo ndani ya chumvi. Rudia mara ngapi utakavyo, haibadiliki: urefu wa wimbi lake ni nanomita 589 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Kila elementi ina rangi zake namna hiyo, na haziazimwi. Wanasayansi Bunsen na Kirchhoff, huko Heidelberg, Ujerumani, walizitumia kutambua elementi, na mwaka 1860 wakakuta mistari ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Ndivyo siziamu ilivyogunduliwa, kabla mtu yeyote hajaitenga.

Walichokosa ni sababu. Haidrojeni inapong'aa, mwanga wake ukipitishwa kwenye mche wa kioo hautoi utepe kamili wa rangi. Unatoa mistari: nyekundu ya nanomita 656, buluu-kijani ya 486, na mingine ya zambarau kwenye 434 na 410. Kati ya mstari na mstari ni giza. Mwaka 1885 Johann Balmer, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana mjini Basel, aliona kwamba namba hizo nne zinatoka kwenye kanuni moja. Chukua 364.56, zidisha kwa n², kisha gawanya kwa n² − 4. Ukiweka n = 3 unapata 656. Ukiweka 4 unapata 486. Weka 5 na 6 uone mwenyewe. Kila nikifika hapa nashangaa upya, maana mwanga wa gesi una haja gani na namba kamili?

Miaka 28 ilipita kabla ya jibu kupatikana. Katikati yake, mwaka 1900, mwanafizikia Planck alionyesha kwamba vitu vya moto hutoa nishati kwa mafungu, na mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu, ambayo leo tunayaita fotoni. Nishati ya fotoni inategemea masafa ya wimbi lake peke yake, yaani mara ngapi linatetemeka kwa sekunde. Hilo usilipite haraka. Mulika bamba la zinki kwa mwanga mwekundu, hata uwe mkali namna gani, hautang'oa elektroni hata moja. Urujuanimno, mwanga usioonekana ulio nje ya zambarau, hata ukiwa hafifu unazing'oa mara moja.

Mwaka 1913 mwanafizikia Bohr akaunganisha mambo hayo. Elektroni ya haidrojeni, alisema, haiwezi kuwa na kiasi chochote tu cha nishati. Inaruhusiwa −13.6 gawanya kwa n², katika elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati), basi; n ni namba ya ngazi: 1, 2, 3 na kuendelea. Chukua kalamu. Ngazi ya tatu ni −1.51, ya pili ni −3.40. Elektroni ikishuka kutoka ya tatu hadi ya pili, fotoni moja huondoka na tofauti yake, 1.89. Gawanya 1240, namba inayogeuza elektronivolti kuwa nanomita, kwa 1.89 upate urefu wa wimbi: 656. Nyekundu ya Balmer! Na ile 4 kwenye kanuni yake ni 2², ngazi elektroni inapotua.

Sasa ile picha ya elektroni kuzunguka kiini kama sayari, naomba uifute kichwani. Elektroni ina chaji, na chaji inayozunguka hivyo ingepoteza nishati kwa kutoa mwanga na kuanguka kwenye kiini kabla hujapepesa jicho. Mwaka 1924 de Broglie alipendekeza kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi, na mwaka 1927 Davisson na Germer wakalithibitisha kwa fuwele ya nikeli. Uzi wa gitaa uliokazwa ncha zote mbili hauwezi kutetemeka ovyo; unakubali nusu-mawimbi moja, mawili, matatu, kamwe si mawili na robo. Wimbi la elektroni lililofungiwa na mvuto wa kiini ni hivyo hivyo, na hapo ndipo namba kamili zinapotokea.

Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 unatupa maumbo ya mawimbi hayo, yanayoitwa obitali. Ngazi ya kwanza, yaani lile tabaka la kwanza ulilouliza, ina umbo moja, ya pili manne, ya tatu tisa. Pauli alikwisha kusema mwaka 1925 kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali ile ile moja. Kwa kuwa elektroni ina spini, sifa yake ya ndani yenye pande mbili tu, kila obitali inabeba mbili tu. Mara mbili ya moja ni mbili, mara mbili ya nne ni nane. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Sodiamu ina elektroni 11: kumi zinajaza ngazi mbili za chini, moja inabaki peke yake juu. Joto la mwali huipandisha hiyo kidogo, nayo ikirudi hutoa manjano.

Najua utaniuliza, ngazi ya tatu si ingebeba 18? Inabeba. Lakini potasiamu huandikwa 2, 8, 8, 1, kwa sababu kwenye atomu yenye elektroni nyingi wimbi la 4s (umbo mojawapo la ngazi ya nne) hupenya hadi karibu na kiini kuliko la 3d (maumbo matano ya ngazi ya tatu), hivyo nishati yake huwa chini na linajazwa kwanza. Nafasi kumi zilizobaki hujazwa kuanzia skandiamu hadi zinki.

Kokotoa mruko wa haidrojeni kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza, uniandikie ni nanomita ngapi na kwa nini Balmer hakuwa na mstari huo kwenye orodha yake.

Mama yako