Majahazi nyuma ya daftari la madeni

Mwanangu Salimu,

Sisi huku hatujambo, ila mguu wa bibi yako bado unamsumbua. Kile kitabu cha wachoraji ulichokisahau juu ya kabati nimekisoma chote, hapahapa dukani, wateja wakipungua. Kumbe Camille Pissarro naye alikuwa mtoto wa duka!

Alizaliwa 1830 kisiwani St. Thomas, Karibiani, enzi hizo koloni la Denmark. Baba yake mfanyabiashara alimweka awe karani wa mizigo bandarini; kijana akipata upenyo tu, anachora. Mwishowe akaondoka zake kwenda Venezuela na mchoraji mwenzake, Fritz Melbye, na 1855 akahamia Ufaransa. Nilipofika hapo nikalikumbuka lile daftari la madeni, majahazi uliyoyachora nyuma yake, na kofi nililokupiga. Nisamehe, baba.

Kilichonikaa moyoni ni vita ya 1870, Ufaransa na Prussia ya Wajerumani. Alikimbilia London na familia yake, huku nyuma wanajeshi wa Prussia wakaingia nyumbani kwake Louveciennes. Michoro yake ya miaka na miaka, kama 1,500, wakaitandika bustanini wasikanyage tope. Iliyosalimika haikuzidi 40 hivi. Mimi ningerudi kuhesabu mizigo. Yeye alirudi kwenye mashamba na njia zake za vijijini, akaanza upya. 1874 yeye na wachoraji wenzake kina Monet wakafanya maonyesho yao ya kwanza, na mwandishi mmoja wa gazeti akasema shamba alilochora Pissarro ni makwangio ya rangi juu ya kitambaa kichafu. Yakafuata mengine hadi yakatimia manane, 1886. Aliyeshiriki yote ni yeye peke yake.

Ila kuna mtu anayepitwa harakaharaka mle kitabuni: mkewe, Julie. Alikuwa mtumishi wa mama mkwe wake, wazee hawakumtaka. Watoto wanaongezeka, michoro hainunuliwi, naye ndiye anayelima bustani na kufuga sungura ili watu wale. Siku ukioa, hilo uliangalie.

Uzeeni Pissarro macho yakamsumbua, upepo na vumbi vikamfungia ndani. Basi 1897 akapanga chumba hotelini Paris, akachora barabara ya Montmartre kutoka dirishani mara 14: asubuhi ya mawingu, mvua, usiku taa zimewaka. Barabara ileile! Nikasema ngoja nami nijaribu. Siku tatu nimekaa kaunta nikiangalia mlango wa duka tu. Asubuhi kivuli cha mwembe kinafika hadi kwenye mizani. Saa nane hakipo. Miaka 22 nauza hapa, sijawahi kukiona.

Naye alikuwa akimwandikia mwanawe Lucien, mchoraji vilevile, aliyehamia London. Barua nyingi mno. Mimi hii moja imenichukua siku mbili.

Nimekutumia shilingi elfu hamsini kwa simu, za rangi. Mama yako nimemwambia ni za kodi ya chumba, kwa hiyo akikupigia, mshukuru kwa kodi.

Baba yako