Tuandike nyuma ya picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Unguja na Pemba juu ya picha zilizomo majumbani mwetu. Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza Mji Mkongwe mwaka 1930, ilituachia picha nyeusi na nyeupe ambazo mpaka leo zinatazamika. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ndizo zinazogeuka nyekundu, na unyevu wa masika unazidi kuzila. Zile albamu za gundi ndio adui kabisa. Bahasha ya karatasi, pahali pakavu, inatosha.

Lakini picha hata ikiwa safi, haisemi. Ninayo ya marehemu mama, hapa Wete: kajitanda kanga mpya, mkono kaushika mlango, hacheki. Nyuma kaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi: “Siku aliyosafiri baba watoto. Nimejikaza.” Bila ya maneno hayo tungesema kanuna tu. Wajukuu zake, ambao hawakumdiriki, wakiisoma wananyamaza.

Siku hizi picha zetu zote zimo kwenye simu, na simu ikitumbukia baharini ndiyo basi. Tusafishe japo chache kwa karatasi, tuandike nani, wapi, na moyo ulikuwaje siku ile.

Na wenzetu wa Nyaraka za Taifa, Kilimani, nawaomba sana: njooni Pemba na skena, mchukue nakala, kila mtu arudi na picha yake mkononi.

Msomaji wako,
Wete, Pemba