Tovuti yetu na wasomaji wanaotupita

Wanakikundi, salaam. Habari zetu za mtaa bado zinatakiwa, ila njia za kuzifikia zimebadilika. Kanada, tangu Agosti 2023, Facebook imezuia viungo vya habari. Google nayo, tangu 2024, hujibu maswali mengi juu kabisa kwa akili unde, msomaji asione haja ya kubofya. Kwa hiyo nguvu tuzipeleke kwenye barua pepe ya kila wiki: orodha ya anwani ni yetu, hakuna wa kutufungia. Anayeripoti kikao cha baraza aanze na uamuzi, si vyeo vya waheshimiwa. Jina la kikoa (anwani ya tovuti yetu) nalo lilipiwe mapema; likichukuliwa, viungo vyote vya zamani vinakufa. Nani anashika barua pepe mwezi huu? Ajitaje hapa.