Manowari iliyozama vita vimekwisha

Mwanangu,

Nimeona swali lako nilipotoka zamu ya usiku. Unataka kujua ile meli ya pichani ni ipi, na mbona imekaa juu ya nchi kavu. Jibu lake ni refu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Inaitwa Mikasa, manowari ya Japani, ipo mji wa Yokosuka. Tulikuwa Yokohama tukipakua shehena, nikapata ruhusa ya nusu siku, nikapanda treni kwenda kuiona.

Wajapani hawakuijenga wenyewe. Wakati ule viwanda vyao havikuwa na uwezo huo. Waliagiza kwa kampuni ya Vickers, Barrow-in-Furness, Uingereza. Kazi ilianza 1899, wakakabidhiwa 1902. Tani zipatazo 15,000, mizinga minne ya milimita 305, miwili mbele na miwili nyuma, na midogo 14 ubavuni. Kilichonisimamisha mimi ni chuma chake. Ubavuni kina unene wa milimita 229, kimepikwa kwa njia ya Krupp, kampuni ya chuma ya Ujerumani, kwa hiyo kilistahimili kombora kuliko chuma cha zamani cha unene uleule. Chini zilikuwa boila 25 za makaa ya mawe. Fikiria joto la mle ndani, na watu wenye makoleo!

Mei 1905, Japani ikipigana na Urusi, iliongoza vita vya Tsushima, kwenye mlango wa bahari kati ya Japani na Korea, Admirali Togo Heihachiro amesimama juu kwenye daraja la wazi la kuongozea meli. Warusi walikuwa wametoka bahari ya Baltiki, na njiani walikaa zaidi ya miezi miwili Nosy Be, Madagaska, jirani zetu kabisa. Katika maji yale ya joto mwani uliota matumboni mwa meli zao ukawapunguzia mwendo. Babu yako angelijua hilo bila kuambiwa: jahazi lisipopandishwa pwani, likakwanguliwa na kupakwa deheni, haliendi.

Togo aligeuza msafara wake mbele ya adui, na Mikasa ndiyo iliyotangulia kwenye kona. Ilipigwa makombora zaidi ya 30 siku ile. Haikuzama. Warusi wakashindwa vibaya, na Japani nzima ikapoteza watu 117 tu.

Sasa soma hapa polepole, maana wiki ijayo unaanza mafunzo ya mitambo. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 5 Septemba. Usiku wa kuamkia tarehe 12, Mikasa ikiwa imetulia bandarini Sasebo, moto ulizuka ndani, ukafika ghala la baruti. Ikalipuka, ikakaa chini palepale ilipofungwa. Walikufa mabaharia 251, zaidi ya mara mbili ya Wajapani waliokufa Tsushima. Nilisimama sitahani nikawawaza wale vijana waliokwisha kuiona amani, pengine wanahesabu siku za kurudi kwa mama zao. Mwanangu, ukipewa zamu ya ulinzi wa moto meli ikiwa gatini, usilale.

Waliiibua 1906, ikatengenezwa, ikarudi kazini. Mkataba wa Washington wa 1922, wa mataifa kupunguza manowari zao, ulitaka ivunjwe, lakini Japani ikaruhusiwa kuibakiza kama kumbukumbu, mradi isiweze kusafiri tena. Ndiyo sababu imezungushiwa zege. Baada ya Vita vya Pili iliteseka: mizinga iling'olewa, juu yake pakawekwa ukumbi wa dansi na mahali pa kutazamia samaki. Ilikarabatiwa, ikafunguliwa upya 1961. Kwa hiyo mizinga uliyoiona pichani si ile iliyopiga Tsushima, ni ya kuigiza.

Nilitamani kushuka kwenye injini, nikakosa njia. Nikaweka kiganja ubavuni, kwenye kile chuma, nikakaa hivyo hadi saa ya treni.

Tiketi yangu ya kuingilia nimeitia humu ndani ya bahasha. Itunze. Msalimie mama yako na wadogo zako.

Baba yako