Barua kwa mwanangu: arosto ya siku ya pili

Mwanangu,

Juzi ulirudi bombani umenuna, ndoo haijajaa, nikajua umeshasikia. "Mtoto wa teja." Heri uyasikie yote kwangu kabla hujaenda bweni Januari.

Ni kweli, mama, nilivuta unga, yaani heroini. Mwaka 2011 Muhimbili walipoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya unga, nilikuwamo kwenye foleni, wanawake tukihesabika. Mwaka uliofuata nikashika mimba yako, nikataka kuacha dawa siku hiyohiyo nikidhani ndiyo nitakuokoa. Daktari akanikataza. Ukiikata ghafla, akasema, arosto, yale mateso ya mwili kukosa ulichozoea, itampata na mtoto tumboni, mimba inaweza kutoka. Nikaendelea na kikombe changu kila asubuhi.

Ulizaliwa mzima. Siku ya pili arosto ikaanza. Ulilia kilio chembamba, kikali, hubembelezeki. Vidole vilitetemeka hata usingizini. Ulipiga chafya mfululizo, miayo, ukilivamia titi kisha unatapika. Visigino vilichubuka kwa kusugua shuka. Nami naijua arosto, mwanangu, ndiyo maana nililia kuliko wewe.

Lakini hukuzaliwa teja. Teja huutafuta unga, huuibia hata ndugu. Wewe mwili wako ulizoea kilichopita kwenye kitovu, na kitovu kilipokatwa ukakikosa, basi.

Muuguzi wa zamu alizima taa ya upande wetu, akakuvua nguo, akakulaza kifuani pangu, akatufunga kanga moja. Ulipewa pia mofini ya maji, matone machache, yakapunguzwa kidogokidogo hadi yakaisha. Nilikunyonyesha, kwa kuwa unga nilishauacha, vipimo vyangu vilikuwa salama, na methadoni inayoingia kwenye maziwa ni kidogo sana.

Miaka yote nilidhani ile kanga ilikuwa ya kunifariji mimi. Juzi kliniki wamenieleza utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023: watoto wa arosto kama wewe waliopimwa kwa kunyonya, kulala na kubembelezeka, wakatulizwa kwanza kwa kupakatwa kabla ya dawa, walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 8 hivi, wenzao wa utaratibu wa zamani karibu 15, na waliohitaji dawa walikuwa wachache zaidi. Kumbe kile kifua kilikuwa tiba.

Aliyekuita hivyo mwambie aje aniulize mimi. Kila asubuhi napita hapo bombani nikienda kunywa dawa yangu.

Mama yako