Wakulima wa Norfolk walidai ardhi

Mhariri,

Makala ya gazeti lenu kuhusu machafuko ya Uingereza ya mwaka 1549 imeyaita yote vita vya dini. Kwa majimbo ya Devon na Cornwall nakubali kwa sehemu kubwa, maana huko watu walikikataa kitabu kipya cha sala cha Kiingereza. Lakini katika jimbo la Norfolk, kiangazi kilekile, maelfu ya watu walipiga kambi Mousehold, nje kidogo ya mji wa Norwich, na walisali kwa kitabu hichohicho. Shauri lao lilikuwa jingine, nalo linastahili kusikilizwa.

Sufu ilikuwa na soko. Makabaila wakajaza kondoo kwenye malisho ya kijiji, ambako mkulima mdogo alikuwa na haki ya tangu zama za babu zake kulisha ng'ombe wake wawili watatu. Kwingine walizungushia ua, asikanyage kabisa. Kodi za mashamba zikapanda. Watu nao walikuwa wakiongezeka, kwa hiyo wanaotafuta shamba au kibarua walikuwa wengi, na ujira haukufuata bei ya chakula. Tena Henry VIII, vita vilipomlemea, alikuwa amepunguza madini ya fedha ndani ya sarafu na kuzidisha shaba, thamani yake ikashuka na bei zikapanda. Aliyeumia ni yule anayenunua mkate wa siku hiyohiyo.

Tusome madai yao 29. Kodi za mbuga zirudi zilivyokuwa mwaka 1485. Makabaila waondoe mifugo yao kwenye malisho ya wote. Watwana, yaani wakulima waliofungwa kwa kabaila wao, waachiwe huru, kwa kuwa Mungu aliwakomboa watu wote kwa damu yake. Hata walipofika kwa mapadri, walitaka asiyeweza kuhubiri aondolewe, na watoto wa maskini wafundishwe.

Limeniuma zaidi neno "wahuni" ambalo makala yenu imewaita watu hao. Kiongozi wao, Robert Kett, alikuwa mtu mzima mwenye ardhi na mali. Julai, watu walipokuja kung'oa ua wa shamba lake, aliwasikiliza, akaona wana haki, akaung'oa pamoja nao na kukubali kuwaongoza. Pale Mousehold walikuwa na wajumbe waliotoka maeneo mbalimbali ya jimbo, na mashauri yalisikilizwa chini ya mwaloni. Wala hawakujiona wanapingana na mfalme. Mwaka mmoja kabla, Somerset, aliyetawala kwa niaba ya Edward VI aliyekuwa bado mtoto, aliunda tume ya kuchunguza ardhi iliyozungushiwa ua kinyume cha sheria. Wao waliamini wanaitekeleza sheria ambayo wakubwa wa Norfolk waliikalia. Ndiyo maana mjumbe alipoleta msamaha wa mfalme, Kett alijibu kwamba msamaha hupewa mkosaji, na wao hawakukosa.

Likaja jeshi la serikali likiongozwa na John Dudley, pamoja na askari wa kukodiwa kutoka ng'ambo, likawaua kwa wingi huko Dussindale tarehe 27 Agosti. Kett alinyongwa Norwich mwezi Desemba.

Mwaka 1949 wananchi wa Norwich waliweka bamba kwenye ngome alikonyongewa, wakimtaja kuwa kiongozi shujaa wa watu wa kawaida. Naomba gazeti lichapishe madai yale 29 kwa Kiswahili, yote, ili wanafunzi wanaosoma makala zenu wayapime wenyewe.

Mwalimu wa historia,
Morogoro